Kabla hujamlaani Hürrem, uliza alijua nini siku ile

Azam TV walipoirusha kwa sauti za Kiswahili tamthilia ya Kituruki ya Sultan, inayomhusu Sultani Suleiman wa dola ya Osmani na wanawake wake wawili, Hürrem na Mahidevran, saluni yangu ya Pasua, hapa Moshi, iligawanyika pande mbili. Timu Hürrem huku, timu Mahidevran kule, na mteja hata akija kusuka twende kilioni tu, anaulizwa kwanza yuko upande gani. Siku hizi tunairudia kwenye simu na ubishi ni ule ule. Kwa kuwa viti ni vyangu na televisheni ni yangu, nimejikuta mwamuzi bila kupigiwa kura, na kuna mambo nimeyaona yanafanya ubishi wa tamthilia za kale unoge badala ya kuishia kwenye kununiana.

Kubwa kuliko yote ni sababu za mtu kufanya alichofanya. Mtu akishasema "Hürrem alimlisha Suleiman limbwata", mazungumzo yameishia hapo, maana limbwata halina mjadala. (Mashosti zangu wasijione wa kwanza. Istanbul ya karne ya 16 nako walinong'ona hivyo hivyo, na balozi Busbecq aliyetumwa huko aliuandika uvumi huo wa dawa za mapenzi.) Mimi huwa nauliza swali moja tu: siku ile, kabla ya haya yote hayajatokea, huyu mtu alijua nini, na angepoteza nini? Sisi tumeshaujua mwisho. Yeye hakuujua.

Mchukue Hürrem. Katika ukoo ule wa kisultani kulikuwa na sheria iliyowekwa na Sultani Mehmed wa Pili, kwamba mwana akikalia kiti anaruhusiwa kuwaua ndugu zake ili dola isigawanyike. Haikuwa karatasi tu. Selim, baba yake Suleiman, aliwaua ndugu zake kweli. Sasa Mustafa, mtoto wa Mahidevran, ndiye mkubwa, na Hürrem ana Mehmed, Selim, Bayezid na Cihangir. Kila askari wanapomshangilia Mustafa, mama wa hao wanne anasikia nini?

Siku moja tukibishania hilo, mama mkwe wangu, aliyeshuka kutoka Kibosho, alikuwa amekaa kimya na chai yake. Akasema, "Mama Glory, hapa kwetu watu wanashikana mashati kila Desemba kwa ajili ya kihamba, shamba la ukoo, na mila iko wazi kwamba mtoto wa mwisho ndiye anabaki na nyumba ya baba. Huko wa mwisho ni wa kunyongwa. Mlitaka huyo mama afanye nini, akae anafuma vitambaa?" Hakuna aliyemjibu haraka.

Hayo hayamfanyi Hürrem kuwa mwema. Yanatupa sababu inayoweza kubishiwa, na hicho ndicho tunachotafuta.

Jambo lingine ni kuangalia tusiingie pale na vipimo vya kwetu. Timu Mahidevran wanamwita mke mkubwa aliyenyang'anywa mume. Lakini Mahidevran hakuwa mke. Alikuwa suria, na Hürrem alianza hivyo hivyo. Aliyekuja kuolewa kwa ndoa ni Hürrem, miaka ya 1530, na ndoa hiyo iliwashangaza watu wa wakati ule kwa sababu masultani hawakuwa na mazoea ya kuoa masuria wao. Kwa hiyo hasira ya Mahidevran tusiipime kwa kipimo cha mke wenza wa huku. Heshima yake yote ilisimama juu ya mwanawe. Nilipolisema hili wifi yangu, ambaye ni Mahidevran damu damu, alinikatia jicho. Baadaye akalitumia kuliko mimi: kama ni hivyo, alisema, Mustafa alipouawa kwa amri ya baba yake mwaka 1553 kambini karibu na Konya, mama yake alipoteza mtoto, cheo na paa juu ya kichwa kwa siku moja, na mkiendelea kumwita mwenye wivu mnamdhulumu. Nilimpa pointi.

Suleiman ndiye anayeachwa salama kila mara. "Alidanganywa na waziri wake Rüstem, alidanganywa na mkewe." Jamani! Mwaka 1512 babu yake, Bayezid wa Pili, aling'olewa kwenye kiti na mwanawe Selim, Janissary, askari wa sultani, wakiwa upande wa mwana. Suleiman alikuwa kijana wa miaka 17 hivi na akili zake timamu. Kiti alichokuja kukalia kilipatikana kwa njia hiyo. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kambi nzima inamtaka mwanawe, hahitaji kusukumwa sana.

Kuhusu ishara, hapo ndipo watu wanaporuka mipaka. Nguo nyekundu ni damu, ndege akipita ni roho ya marehemu. Mimi nataka kitu kionekane zaidi ya mara moja, na kikihama mikono, mambo yabadilike. Pete ya zumaridi inafaulu. Suleiman anaitengeneza mwenyewe (na kweli kihistoria alifundishwa usonara), Mahidevran anaiona mezani na kudhani ni yake, kisha anaikuta kidoleni kwa Hürrem. Ilinganishe na ile leso ya zambarau anayoiangusha mbele ya msichana aliyemchagua. Leso ni desturi, msichana yeyote angeweza kuipata. Pete ni saa zake alizokaa ameinama na patasi ndogo mkononi. Ndiyo maana Mahidevran aliweza kuivumilia leso, lakini pete ilimvunja.

Ila si kila badiliko lina maana. Mteja mmoja alitueleza kwa kirefu kwamba uso wa Hürrem umebadilishwa ili tuone dhambi inavyozeesha. Maelezo mazuri mno, tatizo ni kwamba mwigizaji Meryem Uzerli aliondoka mwaka 2013 na nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Na ukitaka kubishia neno lililosemwa, kumbuka Kiswahili kile kimewekwa juu ya Kituruki. Tazama uso na mikono kwanza.

Tumekwama kwa Ibrahim, waziri mkuu na rafiki wa Suleiman aliyeishia kuuawa. Mimi nasema aliponzwa na kujisahau: alipokuwa vitani Uajemi alianza kutumia cheo chenye neno sultan ndani yake, na mwenye usultani yuko hai. Wifi anasema Hürrem alimchimbia tu. Nikamuuliza Ibrahim alijua nini ile jioni ya Ramadhani ya mwaka 1536 alipoitwa ikulu kula na rafiki yake, akauawa usiku ule ule. Akasema alijua kila kitu, na alikwenda. Mpaka leo sijapata cha kumjibu, na bado sikubali.