Methadoni: lazima kila siku afike mjini?

SWALI: Assalaam alaykum. Mdogo wangu yumo wiki ya pili ya methadoni, dawa ya kunywa ya kumwachisha heroini. Kila asubuhi anapanda gari kwenda mjini kunywa dawa mbele ya muuguzi, nauli inatumaliza, na usiku arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inamrudia. Kwa nini asipewe chupa ya wiki nzima? Na Ramadhani afanyeje?
Dada mtu, Makunduchi

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Tuanze na arosto, maana ndiyo itakayomrudisha maskani kwa wavuta unga. Methadoni huanzishwa kwa miligramu 20 hadi 30, ikaongezwa 5 au 10 kila baada ya siku kadhaa. Wengi hutulia baina ya 60 na 120. Haiharakishwi kwa sababu hutoka mwilini polepole: ya leo haijesha, ya kesho inapanda juu yake. Anayejazia kwa kete ya heroini au valiamu, dawa ya usingizi, siku hizi za mwanzo ndiye anayelala akaacha kupumua. Amwambie daktari arosto inaanza saa ngapi hasa. Kama anameza dawa za kifua kikuu aseme pia, kwani rifampisini huitoa methadoni upesi na dozi iliyokuwa ikitosha ikapwaya.

Chupa ya wiki ni suala la kanuni, si la dawa. Kwa aliyefikia kipimo chake, dozi moja hushika saa 24 popote anapoinywea. Marekani, iliyokuwa na masharti makali kwa miongo mingi, ililegeza 2020 wakati wa korona. Kanuni zake za 2024 zinaruhusu hadi dozi 7 za nyumbani katika wiki mbili za kwanza, 14 kuanzia siku ya 15 na 28 kuanzia siku ya 31, kliniki ikiridhika. Zanzibar, hospitali ya Kidongo Chekundu mjini inatoa methadoni tangu 2015, na kwetu tungeanza na waliotulia. Mvuvi hawezi kuwa mjini na baharini asubuhi moja. Mdogo wako bado, arosto haijakata.

Chupa ikija, iwe kwenye kasha la kufuli. Kipimo cha mtu mzima aliyezoea humuua mtoto, na ikichanganywa na sharubati mtoto huiona kinywaji tu.

Ramadhani, aombe mapema saa ya dawa ihamishwe usiku. Asiihamishe mwenyewe wala asiruke. Akikosa siku 3 mfululizo asidai kipimo chake cha zamani: mwili umeshapoteza uzoefu, lazima kipunguzwe. Zikizidi 5, anaanza upya.