Turufu ya Watano, na Maswali Mengine

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu undumilakuwili wa mataifa makubwa mbele ya wanyonge. Simu haijatulia tangu siku hiyo. Nimechagua maswali matano. Walioleta matusi tu nimewasamehe.

Shikamoo mzee. Kijiweni tunabishana: kura ya turufu ni kitu gani hasa, na imewahi kumpiga Mtanzania? (Mwanafunzi, Kimara)

Marahaba mwanangu. Jina lenyewe limetoka kwenye karata, na anayejua karata ameshaelewa nusu. Sisi Magomeni tunapocheza jioni, turufu inabadilika: mchezo huu kopa, unaofuata shupaza. Aliyetamba jana leo analia. Kule New York, kwenye Umoja wa Mataifa, turufu ilikatwa mara moja, mwaka 1945, na karata hazijachanganywa tena. Wanayo Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Baraza la Usalama lina viti 15, na kwa mambo mazito hata 14 wakisema ndiyo, mmoja wa hao watano akisema hapana, shauri limekufa. Afrika tuna viti vitatu vya kupokezana, miaka miwili miwili, na turufu hatuna.

Kumpiga Mtanzania? Muulize babu yako habari za 1981. Dk. Salim Ahmed Salim, wakati huo Waziri wetu wa Mambo ya Nje, aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria, aliyekuwa anautaka kwa mara ya tatu. Marekani ikamkatalia Salim, China ikamkatalia Waldheim, raundi baada ya raundi, mpaka 16. Mwisho wote wawili wakakaa pembeni na kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kosa la Salim? Wengi wanaitaja siku ile ya Oktoba 1971 China ya Beijing ilipopewa kiti cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa kinakaliwa na Taiwan, jambo ambalo Marekani ililipinga, naye akiwa balozi wetu pale akashangilia ukumbini pamoja na wenzake. Miaka kumi baadaye deni likadaiwa. Na wadai ndio hao hao waliokuwa wakitufundisha kwamba kura iheshimiwe.

Nauza mitumba Karume. Mwaka 2016 tuliambiwa biashara yetu inafungwa, halafu kimya. Nani alighairi? (Mfanyabiashara, Ilala)

Wewe ulifurahi ilipokwama, na sikulaumu. Nimesimama Karume alfajiri robota linapofunguliwa, nikaona akina mama wanavyopigania "grade one" kabla jua halijachomoza. Ndani ya lile robota mna ada za shule na kodi za vyumba.

Ila kilichotokea kinafaa kujulikana. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019, viwanda vya nguo vipate kufufuka. Sisi wa Dar tunajua wanazungumzia nini. Urafiki pale Ubungo ilifunguliwa 1968, na kanga zake mama zetu walizivaa. Wauza mitumba wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao. Serikali ikafungua uchunguzi 2017: je, nchi hizi bado zinastahili AGOA, ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru? Kenya ilirudi nyuma mapema. Sisi na Uganda tukafuata. Rwanda ikagoma. Ilikuwa imeshapandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na haikuushusha. Julai 2018 nguo za Rwanda zikafutiwa msamaha.

Sasa tazama kalenda. Machi ya mwaka huo huo, Marekani ilikuwa imetangaza ushuru wa asilimia 25 kwa chuma na asilimia 10 kwa aluminiamu kutoka nje, ili kulinda viwanda vyake. Kwao uliitwa usalama wa taifa. Kigali walipolinda cherehani zao, wakaambiwa wanaweka vikwazo vya biashara. Mkuki kwa nguruwe.

Kinachoniuma zaidi si Washington. Tuliweka ahadi pamoja, mmoja akaachwa aichukue adhabu peke yake.

Mbona unawasema Wamagharibi tu? Umehongwa na Wachina? (Tabata)

Sijahongwa hata kahawa. Mwaka 2016 Ufilipino iliishinda China mbele ya baraza la usuluhishi The Hague, kuhusu Bahari ya China Kusini. China ikasema hukumu hiyo haiitambui, na meli zake zikabaki pale pale. Urusi nayo iliingia Ukraine 2022, na tarehe 2 Machi nchi 141 zikailaani katika Baraza Kuu. Nchi 35 hazikuelemea upande wowote, Tanzania ikiwemo. Kwa watu tuliovamiwa Kagera 1978, ule ukimya sikuupenda. Haya, na mimi niiteni kibaraka wa upande wa pili.

Mwanangu kanyimwa viza ya Ulaya na pesa hawarudishi. Ni haki? (Mama, Mbezi)

Pole mama. Hawarudishi, tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, ile inayotumika nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, nayo wanaihesabu kuwa ni ya kushughulikia maombi, upate usipate. Kwenye barua ya kukataliwa kuna sababu iliyotiwa alama. Aisome vizuri, ana haki ya kukata rufaa. Na kama ni faraja: Mmarekani akija kwetu hulipa dola 100 wakati wengine wengi wanalipa 50, kwa sababu sisi pia tunajua kulipiza.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Kelele hizi zimewahi kutusaidia nini? (Mstaafu, Mwenge)

Kaka, wewe wa Mwenge uko jirani na kambi ya jeshi ya Lugalo, enzi zile Colito. Januari 1964 askari wetu walipoasi, Mwalimu aliwaomba Waingereza msaada, kwa shingo upande. Makomando wakashuka kwa helikopta kutoka kwenye manowari alfajiri ya tarehe 25, na ndani ya asubuhi moja kambi ikawa mikononi mwao. Novemba mwaka uliofuata, Ian Smith na walowezi wenzake wakaasi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, koloni la Uingereza. London ikasema kutumia nguvu haiwezekani. Kenya miaka ya hamsini iliwezekana, Guiana, koloni lao la Amerika Kusini, 1953 iliwezekana, Dar iliwezekana kabla ya chai ya saa nne.

Mawaziri wa nchi huru za Afrika wakakutana Addis Ababa na kuipa Uingereza mpaka tarehe 15 Desemba 1965 iuzime uasi ule, la sivyo wote wavunje uhusiano. Siku ilipofika, waliotimiza neno walikuwa wachache, sisi na Ghana tukiwemo. Mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tunausubiri ukazuiwa, na pesa hiyo wakati ule ilikuwa pesa kwelikweli. Unauliza ilisaidia nini. Mwaka 1968 tulirudisha uhusiano na London. Smith alikuwa bado yuko Salisbury, Harare ya leo, na alikaa miaka mingine kumi na moja.