Tonge limenikwama, na mama mkwe amenuna

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, naishi Tanga na wazazi wa mume wangu. Wiki saba zilizopita nilikwenda India kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata tumbo na kubakiza kipande chembamba kama ndizi. Nilikuwa na kilo 127, sasa nina 112. Anayejua ni mume wangu tu, wengine tumewaambia nina vidonda vya tumbo. Wiki iliyopita mama mkwe alisonga ugali na kupika samaki wa nazi. Nikala matonge matatu, nikashushia maji. La nne likakwama kifuani. Nilikimbilia uani, nikawa natema ute tu. Tangu siku hiyo nikila kitu kigumu natapika, siku nyingine hata mara mbili. Nimerudi kwenye uji na juisi, hivyo vinapita. Mama mkwe amenuna, anasema nadharau chakula chake. Na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Tanga*

Marahaba mwanangu. Mimi si daktari. Nimekuwa mama lishe miaka 19, na huu ni mwaka wa sita tangu nami nipite kwenye kisu hicho. Watu mtaani husema "kakata utumbo", lakini wewe utumbo wako haujaguswa. Kilichotolewa ni tumbo lenyewe, kiasi cha robo tatu au zaidi. Mimi ndiye niliyeguswa utumbo: tumbo langu liligawanywa, kikabaki kifuko kidogo kilichounganishwa na utumbo mwembamba. Kwa hiyo si kila lililonipata litakupata.

Suala la kutapika halikustahili kungoja gazeti litoke, ndiyo maana nilikupigia simu siku ile ile nilipopata barua yako. Narudia hapa kwa ajili ya wengine. Kutapika siku baada ya siku si sehemu ya kuzoea, ni jambo la hospitali. Njia inaweza kuwa imebana, na mwili usiposhika chakula kwa muda huishiwa vitamini B1. Hapo miguu inakufa ganzi, mtu anayumba, anaona viwili viwili, anachanganyikiwa. Ukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, au hata maji hayakai, usilale nyumbani. Na ukifika hospitali, mambo ya vidonda yaache mlangoni. Sema umekatwa tumbo, lini, na kwa njia gani. Mkwe unaweza kumficha, daktari ukimficha atatibu ugonjwa usiokuwa nao. Muuza duka la dawa naye aambiwe kabla hajakupa diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya mgongo, maana dawa za jamii hiyo zinaweza kukuletea vidonda vya kweli.

Sasa tuje kwenye tonge. Mwanangu, sisi ugali hatutafuni. Tunaufinyanga, tunauchovya, tunaumeza, na mchuzi ndio unaousukuma. Tumbo la zamani ndilo lililokuwa linatutafunia bila sisi kujua. Hilo lako jipya halina nafasi wala nguvu hiyo, na ulipomwagia maji juu yake ulikuwa unajaza kibuyu kilichokwisha kujaa. Nisikucheke, mimi lilinikwama andazi, tena la mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama jikoni, nikakata kipande kuonja kama nilivyofanya kila asubuhi kwa miaka yote hiyo. Kipande kidogo kama kisanduku cha kiberiti! Nilikaa kwenye ndoo dakika 40 nikitema ute, wateja wanadai chai.

Daktari akishakuruhusu kurudi kwenye vyakula laini, ugali uache kwanza. Chapati, mkate na nyama ya kuvuta kwa meno navyo vingoje. Tafuta kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono wanachobeba wauza kahawa. Hicho ndicho kiwe sahani yako. Weka humo samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa na kupondwa na mchuzi wake, au yai, au choroko zilizoiva mpaka zikavurugika. Kula kwa kijiko cha chai, tafuna mpaka iwe uji mdomoni, weka kijiko chini, piga soga kidogo, ndipo uchukue kingine. Ukimaliza nusu kikombe na mwili umesema basi, ni basi. Mwili wangu husema kwa pua: mafua yanaanza kunitoka ghafla. Wengine hupata kwikwi. Wewe utaijua yako, na ukiipuuza kwa kijiko kimoja tu utarudi uani.

Cha kujenga mwili ndicho kianze, wanga ufuate kama nafasi imebaki. Kiasi tunachoambiwa wengi ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na yai moja lina kama sita tu. Ndiyo maana nakukataza kukimbilia juisi. Unasema inapita. Inapita kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: inapita na sukari yake yote bila kujenga chochote. Kwa sisi wa kifuko, adhabu ni ya papo hapo. Harusini nilikunywa glasi ya juisi ya miwa, hata robo saa haikupita nikaloa jasho, moyo unakwenda mbio, nikaishia kulazwa kwenye kitanda cha bibi harusi. Kwa waliokatwa kama wewe hutokea mara chache zaidi, lakini hutokea. Uji nao utie maziwa. Maji acha nusu saa kabla ya kula, rudi nayo nusu saa baada ya kula, na uyanywe kwa mafunda madogo kutwa nzima mpaka lita moja na nusu.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha. Cha chuma usikinywe na chai, wala usikichanganye na cha kalsiamu. Acha saa mbili katikati.

Ramadhani hii usifunge. Kwa tumbo la wiki saba, maji ya siku nzima hayawezi kuingia kati ya futari na daku. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Lini utakuwa tayari kulipa, muulize daktari wako.

Limebaki la mama mkwe. Hujalazimika kumwambia habari za kisu, ingawa mimi ningemwambia. Wa kwangu nilimficha miezi miwili, akaamini nimelogwa. Lakini hata usipomwambia, mpe kazi. Usimwachie sahani iliyojaa ukaondoka mezani, maana hicho ndicho kinachomuuma. Mpelekee kikombe chako jikoni, umwambie, "Mama, nichambulie samaki, wewe ndiye unayejua kutoa miiba." Wangu alinichambulia samaki aina ya changu mpaka kikombe kikaacha kunitosha. Miiba alikuwa akiwatupia paka, na paka wa nyumba ile ndio walionenepa mwaka huo.