Kofia ya jua ya mkulima wa karne ya 16

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Minnesota, na mwezi Agosti tutahudhuria tamasha la zama za Renesansi ambako wageni huvaa mavazi ya Ulaya ya karne ya 16. Tumeamua kuvaa kama wakulima, na nguo ninazishona mwenyewe. Tatizo ni kofia, kwa maana madukani nimekuta za mahameli zenye unyoya na za pama zilizokunjwa kingo. Mkulima wa wakati ule alijikinga jua kwa kofia gani? – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Dada, hizo zote mbili ziache dukani. Mahameli ilikuwa kitambaa cha wenye fedha, na pama iliyokunjwa kingo ni vazi la wachunga ng'ombe wa Marekani wa karne ya 19. Mkulima aliyeshinda kondeni alivaa kofia ya mabua, na ushahidi mzuri unapatikana katika mchoro wa mwaka 1565 wa mchoraji Pieter Bruegel Mkubwa unaoonyesha uvunaji wa majani ya mifugo, ambao sasa umehifadhiwa Prague, nchini Cheki: wanawake wanaopita na reki mabegani wamevaa kofia pana za mabua zinazotia uso kivuli.

Kofia za namna hiyo zilitengenezwa kwa kusuka mabua kuwa utepe mrefu, kisha utepe huo ukashonwa kwa kuzungushwa kuanzia utosini hadi ukingoni. Ndivyo kofia za ukili zinavyoshonwa katika pwani yetu, na kwa hiyo ukiweza kuagiza kofia ya ukili usiotiwa rangi, yenye kichwa kifupi cha mviringo na ukingo mpana ulionyooka, mimi ningeichagua kabla ya kofia yoyote ya dukani. Ni kweli kwamba ukindu unaosukwa ukili si mabua ya ngano, lakini mshono ule wa mzunguko, ambao jicho huuona kwanza, utakuwa sahihi. Iwapo kichwa cha kofia ni kirefu mno, iloweshe, ivalishe juu ya bakuli lililofudikizwa, ikandamize kwa mikono na uiache hapo mpaka ikauke kabisa. Utepe wa kitambaa wa kiwandani uliozungushwa kama pambo ukiwapo, ufumue.

Jambo ambalo wengi hulisahau, nami naliona kuwa kubwa kuliko kofia yenyewe, ni kitambaa cha ndani. Mwanamke mzima hakuvaa kofia juu ya nywele zilizoachwa wazi. Alifunga kwanza kitambaa cheupe cha kitani, kilichofunika nywele na mara nyingi shingo pia, ndipo akaweka kofia juu yake. Kitani hunyonya jasho na huzuia mabua yasikwaruze ngozi, hivyo utakishukuru ifikapo saa nane mchana. Usitumie poliesta, kwani inang'aa na haipitishi hewa.

Mumeo naye avae kofia kama yako. Akitaka kuigiza Mwingereza aliye katika siku ya mapumziko, anaweza kuvaa kofia bapa ya sufu iliyofumwa, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1571, iliyofutwa mwaka 1597, iliwalazimisha watu wa kawaida waliozidi miaka sita kuvaa kofia ya sufu siku za Jumapili na sikukuu. Lakini sufu katika jua la Agosti ni adhabu, na ukingo wake mdogo hauwezi kumkinga macho wala shingo.