Volti 115 za Barbados: ubebe nini kutoka Mombasa, uache nini

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nimepata kibali cha mwaka mmoja cha kuishi Barbados huku nikifanya kazi kwa mtandao, na nimekodi nyumba Speightstown. Kampuni yangu iko London, lakini wenzangu wengi wa timu wako Nairobi. Hapa Mombasa nina laptopu, monita mbili, UPS (kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), blenda, pasi, birika la umeme na ekstensheni nzuri ya soketi sita. Nibebe vipi? Adapta ya plagi itatosha? Na kuna rafiki aliyekaa Saint Lucia anayesema nisihangaike, vyote vitafanya kazi.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera. Kibali hicho, Welcome Stamp, kinataka kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka, na ada yake ni dola 2,000 kwa mtu mmoja. Umeshatoa fedha nyingi. Sitaki utoe nyingine kulipia uzito wa ndege kwa vitu visivyowaka. Nilifanya kazi za umeme na mitandao Bridgetown kwa miaka miwili, na swali lako ndilo nililoulizwa na karibu kila mgeni.

Rafiki yako hakukudanganya, ila anazungumzia kisiwa kingine. Saint Lucia na Grenada zina umeme kama wetu: volti 230 hadi 240, hezi 50, na plagi ileile ya meno matatu ya pembe nne. Mtu wa Mombasa akifika kule anachomeka tu. Barbados ni volti 115, na plagi ni ya meno mawili bapa kama ya Marekani, pengine na jino la tatu la duara la ethi. Kwa hiyo usikubali ushauri wa "Karibiani" kwa jumla. Uliza kisiwa kwa jina lake.

Adapta hubadilisha umbo la meno, haibadilishi umeme. Basi leo jioni geuza kila kifaa usome kibandiko chake. Palipoandikwa INPUT 100-240V, 50/60Hz, beba bila wasiwasi. Chaja za laptopu na simu karibu zote ziko hivyo, na monita nyingi pia. Kwa monita wala huhitaji adapta: ule waya wa umeme unachomoka nyuma, na upande wa kwenye monita ni uleule dunia nzima. Ukifika nunua waya wenye plagi ya kule.

Pasi na birika viache. Kifaa cha kupasha moto kikipewa nusu ya volti hakibaki na nusu ya nguvu, kinabaki na robo, kwa sababu mkondo nao unapungua pamoja na volti. Birika lako la wati 2,000 litakuwa na wati 460 hivi, na chai utaisubiri mpaka ukate tamaa. Blenda ni mbaya zaidi. Mota itazunguka kwa unyonge, ukitia kitu kigumu itakwama, na mota iliyokwama huku ina umeme hupata moto mpaka koili zinaungua.

Sasa UPS, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndicho kifaa ambacho watu hukibeba kwa imani kubwa. UPS ya volti 230 hupima umeme wa ukutani. Ikiona volti 115 haisemi "umeme ni mdogo", inasema "umeme umekatika", na inahamia kwenye betri. Betri inaisha baada ya dakika chache, haichajiwi tena, na kifaa kinazima huku taa za nyumba nzima zinawaka. Mwenzangu mmoja alikuja na yake, akashinda siku nzima akilaumu betri, akataka kununua mpya. Betri ilikuwa salama kabisa. Hata zile gadi za TV na friji tunazotumia nyumbani hazifai kule: nyingine zitakataa kuwasha, na zile za kuzuia msukumo wa umeme zimepangwa kuamka kwenye kiwango cha juu mno kwa umeme wa 115, kwa hiyo msukumo unapita mbele yao.

Badala yake beba UPS ndogo ya ruta, ile ya kisanduku inayotoa volti 12, mradi chaja yake iwe imeandikwa 100-240V na ruta utakayopewa iwe ya volti 12. Laptopu ina betri yake. Kinachokukata katikati ya mkutano ni ruta. Waya wa faiba wenyewe hauhitaji umeme nyumbani kwako, ni vile visanduku viwili vya mwisho tu, cha kupokea faiba na ruta. Ukivilisha, mara nyingi mtandao unaendelea hata mtaa ukiwa giza. Faiba imeenea sana kisiwani, kwa Flow na Digicel. Nyumba ikiwa na kampuni moja, laini ya simu chukua ya nyingine, ili zisizimike pamoja.

Ekstensheni yako? Kwa chaja tu, baada ya kukatwa plagi na fundi na kuwekwa ya kule. Usiitundikie kitu cha kupasha moto. Kwenye volti 115, wati zilezile huvuta karibu mara mbili ya mkondo, na ni mkondo ndio unaochemsha waya.

Na ukinunua pasi ya kule, usirudi nayo Mombasa. Volti 240 zitaiua papo hapo. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: vifaa vya Marekani ni vya hezi 60, Barbados ni 50. Saa ya ukutani inayohesabu kwa mzunguko wa umeme huchelewa dakika kumi kila saa moja.

Tukitaja saa: Nairobi iko mbele ya Barbados kwa saa saba mwaka mzima, kwani hakuna upande unaogeuza saa. London ndiyo inayogeuza. Iko mbele kwa saa nne majira ya baridi na tano majira ya joto. Saa 3 asubuhi ya Nairobi ni saa 8 usiku kwako. Mikutano iombe kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi kwa saa zako, ambayo Nairobi ni saa 7 mchana hadi saa 10 jioni, na London wako kazini. Liseme hili kwa mkuu wako kabla hujasafiri, si baada ya wiki mbili za kukesha. Na kwenye kompyuta chagua saa za Barbados zenyewe, usichague New York. Wakati wa joto zinalingana, halafu Novemba unajikuta umekosea kwa saa nzima.

Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini ya Barbados kikavunja mashua nyingi za wavuvi, kisha kikaishukia Carriacou, kisiwa cha Grenada, kwa nguvu kubwa. Kikitangazwa, chomoa kila kitu ukutani. Hatari kubwa kwa vifaa vyako ni pale umeme unaporudi. Pawabanki ibebe mkononi ndani ya ndege, isizidi saa-wati 100, yaani kama 27,000 mAh hivi.

Chumvi ya bahari unaijua tayari. Speightstown iko magharibi, na upepo hutoka mashariki, kwa hiyo kutu itakuwa na huruma kuliko Bathsheba, iliyo pwani ya mashariki.

Mbuzi ya kukunia nazi ibebe, haihitaji umeme na nazi zipo tele. Itie kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ya yale meno.