Tofu kwa mtoto wa miezi saba

SWALI: Wifi yangu hunitumia tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, kutoka Malindi, inakuja kwa basi hadi Mokowe kisha inavushwa kwa boti. Mwanangu wa kiume ana miezi saba, ananyonya, na ameshazoea uji na viazi vitamu. Je, naweza kumpa tofu, nianze na kiasi gani, na itashika nafasi ya samaki? Mavyaa wangu anahofia kwamba soya haimfai mtoto wa kiume. (Mama, Langoni, Lamu)

JIBU: Unaweza kumpa, Bibi, kwa kuwa mtoto huanzishiwa vyakula vya kulikiza baada ya kutimiza miezi sita, na tofu ni laini, haina miiba, ina protini nzuri pamoja na madini ya chuma. Madini hayo ndiyo yanayohitajika sana katika umri huu, kwani akiba aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua na maziwa ya mama yana chuma kidogo.

Kinachonipa wasiwasi ni ile safari. Tofu mbichi yenye maji huharibika upesi kwenye joto, sawa na samaki, kwa hiyo mwombe wifi yako aifunge pamoja na barafu ndani ya kasha la kuhifadhi baridi, au anunue ile ya boksi ambayo maelezo yake yanasema wazi kwamba haihitaji friji kabla ya kufunguliwa. Ikifika pakiti imefura, maji yana utelezi au inanuka uchachu, itupe, hata kama imegharimu. Ukishaifungua, itie katika maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yabadilishe kila siku, uiweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku tatu.

Kwa mara ya kwanza, chagua asubuhi ambayo mtoto ni mzima na hapewi chakula kingine kipya. Chemsha kipande kidogo kwa dakika tano, kiponde kwa mgongo wa kijiko pamoja na kiazi kitamu, bila chumvi wala sosi ya soya, ambayo ina chumvi nyingi mno, kisha umpe nusu kijiko cha chai. Soya ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio kwa watoto, na dalili zake kwa kawaida hutokea baada ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka yanayowasha, midomo kuvimba, kutapika. Akipumua kwa shida, au akitapika mfululizo huku amepauka na kulegea, jambo ambalo huweza kuchelewa hata saa nne, mkimbize hospitali. Akiwa salama, mpe tena baada ya siku mbili, ukiongeza polepole hadi vijiko viwili au vitatu vya mezani.

Chuma cha tofu hakifyonzwi kwa wepesi kama kile cha samaki au nyama, kwa hiyo fuatishia papai au embe, kwani vitamini C hukisaidia. Chai, ambayo watoto wetu huonjeshwa mapema kuliko inavyostahili, hukizuia, usimpe kabisa.

Siku ambayo samaki hakuna, tofu itatosha. Isiwe kila siku, kwa sababu haina vitamini B12, wala yale mafuta ya samaki yanayosaidia ubongo kukua. Tena, kwa maoni yangu, pojo na kunde zilizoiva vizuri na kupondwa zinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila barafu wala nauli.

Hofu ya mavyaa wako ina asili yake: soya ina viambato vinavyofanana kwa umbo na homoni ya kike, ila nguvu yake ni dhaifu sana. Watoto wa Japani na China wamekula tofu kwa vizazi vingi, na hakuna ushahidi kwamba kiasi cha kawaida cha chakula humdhuru mtoto wa kiume. Usichanganye jambo hili na maziwa ya soya ya dukani, ambayo hayafai kuwa kinywaji kikuu cha mtoto kabla ya mwaka mmoja. Mwendelezee ziwa lako.

Iwapo mwanao ana ukurutu mkali, amewahi kupata mzio wa maziwa ya ng'ombe, au anatumia dawa ya tezi ya shingo, onana na daktari kabla ya kumwonjesha.