Kabla hujaagiza kingamwili ya MMP-9, jiulize kimeng'enya chako kiko wapi

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilipoteza miezi minne nikitafuta kitu mahali ambapo hakipo. Nilikuwa nachunguza jinsi seli za saratani ya binadamu zinavyopenya kwenye tishu za jirani, na nilitaka kuonyesha kwamba zinatengeneza MMP-9. Hicho ni kimojawapo cha vimeng'enya vya ukoo wa MMP (matrix metalloproteinase), vinavyokatakata wavu wa protini unaozishikilia seli mahali pake. Nilisaga seli, nikatenganisha protini kwenye jeli, nikazihamishia kwenye utando, nikaweka kingamwili, ile protini inayoshika kitu kimoja tu na kukionyesha, na kusubiri. Hii ndiyo huitwa westan bloti. Utando ulitoka mweupe, bila bendi, yaani ule mstari unaoonyesha protini ipo. Nikaongeza kiasi cha kingamwili, nikaacha maziwa ya kuziba utando nikatumia albumini, nikaacha usiku kucha kwenye jokofu. Mweupe tena. Nikaamini kwamba kingamwili ni mbovu, nikaomba fedha za kuagiza nyingine. Kichupa cha mikrolita 100 kinagharimu dola mia kadhaa, na kwetu hufika baada ya wiki nyingi.

Aliyeniokoa ni fundi sanifu wa maabara, mama aliyekuwa ameotesha seli kwenye midia, yaani kimiminika chenye chakula cha seli, tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo midia unayoitoa juu ya seli zako, huwa unaipeleka wapi?"

"Naimwaga."

"Basi kimeng'enya chako unakimwaga nacho."

MMP nyingi kazi yake iko nje ya seli. Seli inazitengeneza, inazitoa, na ndani kinabaki kidogo mno. Mwaka 1962 Jerome Gross na Charles Lapière waligundua kimeng'enya cha kwanza cha ukoo huu kwa kuweka vipande hai vya mkia wa kiluwiluwi juu ya jeli ya kolajeni, kisha wakaona jeli inayeyuka kuvizunguka. Walitazama pembeni ya tishu. Ningejua habari ile mapema, ningeanzia kwenye midia.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeanza, swali la kwanza usiulize "ninunue kingamwili ya kampuni gani". Uliza kimeng'enya unachokitafuta kinakaa wapi. MMP-2 na MMP-9 hutolewa nje. MMP-14 imejichomeka kwenye ngozi ya seli, kwa hiyo hiyo utaikuta kwenye seli zenyewe, na kingamwili inayotambua sehemu yake ya nje inaweza kuifikia bila kutoboa seli. Ukitaka kuiona MMP-9 kwa darubini ndani ya seli, izuie kwanza isitoke: weka brefeldini A kwa saa chache, halafu gandisha seli kwa kemikali kama formaldehidi (si kwenye friza), zitoboe kwa sabuni ya Triton, ndipo uweke kingamwili. Usipofanya hivyo utaona mwanga hafifu tu usioweza kuutetea mbele ya msimamizi wako.

Midia nayo ina mtego wake, na nilinaswa. Seramu ya ndama (maji ya damu yake) tunayooteshea seli ina MMP-2 na MMP-9 zake yenyewe, tena imejaa albumini yenye uzito wa kilodalton 66 hivi (kilodalton ni kipimo cha uzito wa protini), jirani kabisa na MMP-2. Ukipima midia yenye seramu unampima ndama. Osha seli mara mbili au tatu, ziache kwenye midia isiyo na seramu kwa saa 24, kusanya, zungusha kwenye sentrifuji kuondoa seli zilizoelea, kisha punguza maji ili protini ikolee. Aktini haitakusaidia kulinganisha sampuli hapa, kwa sababu aktini ni ya ndani ya seli. Hesabu seli kwenye kila sahani siku ya kukusanya, gawanya matokeo kwa hesabu hiyo, na paka utando rangi ya Ponceau uone kama protini imepanda sawasawa.

Sasa kingamwili yenyewe. MMP-9 ya binadamu hutoka ikiwa imefungwa, ikiwa na kilodalton 92. Kipande cha mbele kinaziba zinki iliyo kwenye kitovu cha kazi, na kikikatwa inabaki kilodalton 82 hivi, imefunguka, inakata. MMP-2 inatoka na 72 na kubaki na 62 hadi 64. Soma karatasi inayokuja na kichupa, utafute mstari unaoeleza ni sehemu gani ya protini iliyotumika kutengeneza kingamwili. Ikiwa ni kile kipande cha mbele, kingamwili hiyo haitaiona kamwe MMP iliyofunguka, hata ikiwa imejaa tele. Mwenzangu mmoja nusura aandike kwenye tasnifu yake kwamba dawa yake inaondoa MMP-9, kumbe ilikuwa inaifungua. Nasisitiza hili kwa uchungu kwa sababu uamuzi wa tiba unaweza kuanzia kwenye bendi kama ile.

Na hata kingamwili nzuri kabisa inakuambia kimeng'enya kipo. Haikuambii kama kinafanya kazi. Ndiyo maana siku hizi sipeleki westan bloti yoyote ya MMP-2 au MMP-9 bila zaimografia kando yake. Unatengeneza jeli yenye jelatini ndani, unapakia sampuli bila kuichemsha na bila kuweka DTT (kemikali inayovunja vifungo vya protini), unaosha SDS (sabuni inayokunjua protini) kwa Triton, unaiacha usiku kucha nyuzi 37 kwenye bufa yenye kalsiamu, halafu unaipaka rangi ya buluu ya Coomassie. Penye kimeng'enya jelatini imeliwa, panabaki weupe. Sampuli hiyohiyo ukiiweka kwenye bufa yenye EDTA, kemikali inayonyakua madini, weupe usitokee, maana madini yamenyang'anywa. Jua tu kwamba aina iliyofungwa nayo hung'aa hapa, kwa sababu SDS huikunjua bila kuikata. Tofautisha kwa uzito. Vifaa vyake ni vya bei ya kawaida na karibu kila maabara yetu inavyo. Mimi ningeanza na zaimografia, kisha ndiyo niagize kingamwili.

Siku ya kwanza kichupa kinapofika, usikijaribu kwenye sampuli zako za thamani. Jaribu kwenye midia ya seli za HT-1080, aina ya seli za saratani ya binadamu: MMP-2 huitoa zenyewe, na ukizichokoza kwa kemikali ya PMA zinatoa MMP-9 kwa wingi. Kisha tafuta seli ambazo jeni ya kimeng'enya hicho imezimwa, uone kama bendi inatoweka. Bendi ikibaki palepale, kingamwili inashika kitu kingine. Ukifanya kazi na seli za panya, MMP-9 yao iko juu zaidi, kwenye 105 hivi, kwa hiyo bendi ya 92 hapo isikufurahishe haraka.

Uhifadhi nitaupitia upesi. Gawa kingamwili kwenye vichupa vidogo siku ileile, uandike namba ya loti na tarehe, maana umeme ukikatika mara tatu kwa wiki friza inayeyusha na kugandisha kila kitu, na kingamwili haistahimili hilo. Sodiamu azidi ni nzuri kwa kuzuia vijidudu, ila usiiweke kwenye kingamwili iliyobeba HRP, kimeng'enya kinachotoa ishara ya kuonekana. Inaiua.

Wanaofanya kazi ya kifua kikuu wameniuliza kuhusu sampuli za wagonjwa. MMP-1, inayokata kolajeni ya mapafu, hupanda kwenye makohozi ya wagonjwa wa TB, kwa hiyo hamu ya kupima ni ya haki. Lakini ukihamia kwenye damu na unataka MMP-9, usichukue seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda. Damu inapoganda, chembe sahani na chembe nyeupe humwaga MMP-9 iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake, na unachopima ni kuganda kwenye tyubu. Chukua plazma, yaani maji ya damu iliyozuiwa isigande, itenganishe mapema, kwa muda uleule kwa kila mgonjwa. Ukikusudia kupima utendaji moja kwa moja, tumia tyubu ya heparini, kwa kuwa tyubu ya EDTA itakunyima zinki na kalsiamu. Zungumza na wauguzi wanaotoa damu kabla ya mgonjwa wa kwanza, uwaonyeshe kwa mkono tyubu unayoitaka na uwaachie za kutosha.